Wane Ameitwa

Kete ilitoka kwenye kibuyu ikiwa imelowa.

Zubairu aliigeuza kiganjani, akaifuta kwa kanzu yake, akainusa. Kibuyu chenyewe kilikuwa kikavu kabisa, na Kano mwezi ule wa Aprili hata mate mtu alikuwa anayatafuta. "Nani kamwaga maji humu?" akauliza. Ladidi, mdogo wake, akasema labda ni jasho lake mwenyewe, maana alikuwa anavuja kama mbeba zege. Gambo akacheka. Mambo yakaishia hapo. Mimi nasema laiti wangeukunja mchezo palepale wakaenda kulala, lakini nani huacha mchezo unaponoga?

Niwaambie kwanza walikuwa wanafanya nini.

Zubairu alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mchoraji wa mabango ya maduka, mwenye rangi chini ya kucha hata siku ya Idi. Mwaka mzima alikuwa akitengeneza mchezo wake mwenyewe. Ludo ameichoka, alisema. Ludo inachezwa kila kibaraza na haimtetemeshi mtu. Yeye alimtaka Dodo, lile zimwi ambalo kila bibi wa Kihausa amelitumia kumlaza mjukuu mbishi. Akachora jumba kwenye kipande cha plaiwudi, vyumba kumi na viwili na njia ya miraba inayopindapinda ndani yake. Kete akazichonga za mti. Dodo mwenyewe akamfanya kwa kokwa la mkoche alilolichoma moto mpaka likawa jeusi ti. Sheria zilikuwa rahisi: unarusha dadu, unatembea, unautafuta mlango wa nyuma. Mtu akipata sita, Dodo anasogea. Dodo akikukanyaga amekumeza, na kete yako inatiwa kwenye kibuyu kidogo katikati ya ubao, kilichoitwa tumbo, ukae humo mpaka mtu akuite. Anayekuita anapoteza zamu yake kwa ajili yako, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Watu walibembelezana, wakaahidiana, wakasalitiana.

"Niite basi, Gambo, nitakununulia bakuli la fura ya maziwa!"

"Kaa humohumo. Joto la tumbo linakufaa."

Mwenye mtambo wa kuchapa alikuwa amemwambia, niletee ubao huo ukishachezwa mara ishirini bila mtu kugombania sheria. Kwa hiyo kila mchezo Zubairu aliuandika kwenye daftari: nani kamezwa, nani kaitwa, wapi watu walichoka. Tatizo lilikuwa watu. Mchezo ulitaka wanne, nao walikuwa watatu tu: yeye, Ladidi aliyekuwa na miaka kumi na minne na ulimi wa miaka arobaini, na Gambo mshona kofia, rafiki yake tangu madrasa. Kiti cha nne akampa mtu asiyekuwepo. Walimrushia dadu kwa zamu, wakamsogezea kete nyeupe isiyopakwa rangi, na wakamwita Wane. Kwetu Wane ni fulani, mtu yeyote, yule usiyetaka kumtaja. Wane kasema, Wane kapita.

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Kwetu mwanamke hamtaji jina mtoto wake wa kwanza. Ni haya. Hamwiti jina, hampakati mbele za watu, hamsifu. Wa kwanza akipita, mama hugeuza uso na kuvuta mtandio. Siku hizi wapo wasiojali, lakini Tasalla, mama yake Zubairu, hakuwa mmoja wao. Alimzaa akiwa na miaka kumi na saba, na tangu siku ile neno Zubairu halikuwahi kupita kwenye meno yake. Ladidi alimwita mara arobaini kwa siku, Ladidi fagia, Ladidi funika maziwa. Yule mkubwa alimwita Wane.

Mtaniuliza, je, Zubairu hakuliona hilo alipompa mtu wa kiti cha nne jina? Hakuliona. Mtu hasikii harufu ya nyumba yao.

Basi siku ile ya mchezo wa tisa, baada ya sala ya adhuhuri, walikuwa wamekaa kwenye zaure, kile chumba cha mlangoni ambacho wageni wanaume hawakivuki. Dodo alikuwa ameshammeza Wane, na kete nyeupe ilikuwa tumboni. Mara sauti ya Tasalla ikatoka uani.

"Wane! We Wane! Njoo ule!"

Ladidi akapiga kofi. "Ameitwa! Wane ameitwa, mtoeni!"

"Hajaitwa na mchezaji," Gambo akasema.

"Sheria inasema aitwe. Haisemi na nani. Soma!"

Zubairu akafungua daftari, akasoma mwandiko wake mwenyewe. Kweli, haikusema na nani. Naye alikuwa mtu wa haki hata kwa kipande cha mti. Akatia vidole kwenye kibuyu akaitoa kete, na kete ilikuwa imelowa.

Tangu mchana ule Wane hakushindwa tena. Mchezo wa kumi alifika mlango wa nyuma kabla wenzake hawajavuka chumba cha tatu. Wa kumi na moja alipata sita mara tano mfululizo, na kila Dodo alipoamka alimruka Wane na kuwakanyaga wengine. Zubairu aliandika, "Wane ana bahati mno, badilisha dadu." Akabadilisha dadu. Bahati ikabaki palepale.

"Mwambie na mimi aniombee, nioe," Gambo akasema, lakini mzaha wake ulikuwa umeanza kupoa. Zaure ilikuwa na harufu. Ilikuwa harufu ya udongo uliopigwa na mvua, nzuri kabisa, ile ambayo watu hutoka nje kuivuta, ila mvua ilikuwa bado miezi miwili.

Alhamisi Tasalla alipika wali na kunde, akapakua, akaita kama alivyoita siku zote. "Wane!"

"Naam, Mama," ikajibu zaure.

Akaweka sahani chini ya pazia la zaure, akageuka, akarudi jikoni. Alimsikia akila. Alikula kwa haraka, kwa kishindo, kama mtu aliyefunga siku tatu, na mama moyo ukamfurahi, kwa sababu siku zile kijana alikuwa amekonda. Mama mwingine angegeuka kumtazama mwanawe anavyokula. Tasalla hakugeuka. Miaka ishirini na miwili alikuwa amejifundisha kutogeuka.

Nusu saa baadaye Zubairu akaingia kutoka kazini, rangi ya bluu mpaka kwenye viwiko. "Ladidi, chakula changu kiko wapi?"

"Si umekula?"

"Nimekula saa ngapi? Ndiyo kwanza nafika."

Wakatazamana. Ladidi akaiokota sahani chini ya pazia. Ilikuwa imelambwa ikang'aa, na kwenye ukingo wa bati palikuwa na alama za meno, zimeingia ndani, mstari mzima.

"Paka," Zubairu akasema.

"Paka gani anasema naam?" Ladidi akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Kuanzia hapo kijana akaanza kupungua. Nasema kupungua kwa sababu sijui neno jingine. Alimsalimu fundi wake asubuhi, fundi akaendelea kuchanganya rangi kana kwamba hajasalimiwa na mtu. Alisimama mbele ya mwuza nyama, akasema, akarudia, na watu waliokuja baada yake wakahudumiwa wakaondoka. Nyumbani bibi yake, Hajiya Delu, mama mkwe wa Tasalla, alimpita mlangoni akamkanyaga mguu, akashtuka, "Subhanallah, hivi ulikuwa hapo?"

Alimweleza Gambo kibarazani, kwa kunong'ona, huku akitazama nyuma.

"Mama akiniita, kuna mtu anatangulia kujibu."

"Mtu gani?"

"Sijui. Nafungua mdomo niseme naam, na naam inatoka nyuma ya sikio langu kabla sijaisema. Sauti ni yangu, Gambo. Ni yangu kabisa. Na kila akijibu yeye, mimi najisikia mwepesi, kama mtu anayetolewa maji."

"Uchome ule ubao."

"Bado mara tano. Mtu wa mtambo ananisubiri."

"Zubairu! Uchome!"

"Nitauchoma," akasema, na nadhani alikusudia kweli, lakini hakuwahi.

Jumatatu mchana, jua likiwa katikati ya kichwa, saa ile ambayo wakubwa wetu huwakataza watoto kuzurura kwa sababu si binadamu peke yao wanaotembea, Ladidi alitoka kuchota maji akamkuta kaka yake amekaa kwenye mkeka wa zaure. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa inacheza kidogo sana bila sauti. Akamgusa, naye alikuwa baridi kama mtungi. Mbele yake ubao ulikuwa umewekwa tayari kwa mchezo, nao yeye Ladidi mwenyewe ndiye aliyeutia kwenye gunia juzi yake, akalifunga kwa kamba. Kete nyeupe ilikuwa imesimama kwenye mlango wa nyuma. Akachungulia kwenye kibuyu, na humo tumboni ilikuwamo kete moja tu, ya bluu, kete ya Zubairu.

Aliitoa. Akaiweka mbele ya kaka yake. Akageuka kumwita bibi, akarudisha macho, na kete ilikuwa imerudi kwenye kibuyu.

Nyumba ikawa ya msiba usio na maiti. Hajiya Delu akaketi mbele ya mjukuu wake akamwita, "Zubairu! Zubairu mwana wa Audi!" mpaka koo likakauka. Ladidi akamwita. Gambo akamwita huku analia bila kuficha. Kijana hakupepesa jicho. Wakampa uji ukatokea pembeni mwa mdomo, wakampa maji yakamwagika kifuani. Siku ya pili mbavu zikaanza kuhesabika. Baba yake, Audi, alikuwa kwenye lori la vitunguu njia ya kusini, na simu yake haikupatikana. Na kila adhuhuri, wakati wanaomlilia walipokuwa zaure, huko uani nyuma ya jiko sauti ileile ya kijana ilisema, kwa upole, kwa adabu, "Mama, nina njaa."

Tasalla aliyasikia hayo akiwa amesimama nyuma ya pazia, mtandio umefunika uso, na watu hawakumjali, kwa sababu mama wa mtoto wa kwanza ndivyo anavyokaa, hata mtoto akiwa anakufa.

Siku ya tatu Gambo alikuja na chupa ya mafuta ya taa na kiberiti. Hakusalimu mtu. Alishaumiminia ubao nusu ya chupa ndipo Ladidi alipomrukia mkono.

"Unafanya nini?"

"Niache nikichome kishetani hiki!"

"Kaka yumo ndani! Kete yake imo tumboni, hujaona? Ukichoma unamchoma na yeye!"

Kiberiti kilimponyoka Gambo. Akakaa chini, akasema, "Basi niambieni nifanye nini. Niambieni, kwa sababu mimi sijui tena."

Hapo ndipo alipoitwa Malam Tanko, mwalimu wa dini na msomaji wa dua. Msimfikirie mzee wa ndevu nyeupe. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kikohozi na baiskeli, aliyekuwa akichukia kuitwa kwa mambo ya majini kwa sababu, alisema, mara tisa kati ya kumi ni mume aliyemchoka mke wake. Aliingia akikunja uso. Akamtazama Zubairu, akamtazama tena, na uso ukakunjuka.

"Huu ubao ni wa nani?"

Ladidi akamweleza yote, mpaka sheria ya kuitwa, mpaka kofi alilopiga mwenyewe siku ile. Alieleza akilia. Malam akaomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa kama anasoma hati ya shamba.

"Na nani alimwita huyo Wane akatoka?"

Ladidi akatazama pazia.

"Nauliza, nani?"

"Mama," Ladidi akasema. "Lakini alikuwa anamwita kaka. Mama humwita kaka hivyo."

Malam akalifunga daftari. "La haula wala kuwata. Sikilizeni. Mnataka nisome nimfukuze. Nikisoma sasa nitawafukuza wote wawili, maana wamebadilishana mlango. Huyu wa uani hakuingia kwa nguvu. Aliitwa na mama, akalishwa na mama, siku baada ya siku. Kiumbe akitendewa hivyo hajioni mgeni tena. Anajiona mtoto wa nyumba."

"Sisi tumemwita Zubairu mpaka sauti zimekauka," Hajiya Delu akasema.

"Si ninyi mliomwita yule. Mlango ulifunguliwa kwa sauti moja, na sauti hiyohiyo ndiyo itakayomtoa wenu. Amwite kwa jina lake mwenyewe, ambalo mwingine hana."

Wote wakageuka kwenye pazia. Pazia halikutikisika.

Lazima mjue Hajiya Delu alimfikiria vipi mkwe wake. Hakuna harusi aliyohudhuria bila kumtolea mfano. Zubairu alipokuwa na miaka mitatu, surua ilimshika mpaka pumzi ikakatika, wanawake wakaanza kulia, na Tasalla aliuma ncha ya mtandio wake mpaka ikachanika, lakini jina halikumtoka. "Huyo ndiye mwanamke," Hajiya Delu alikuwa akisema, "si hawa wa siku hizi wanaobusu wazaliwa wao wa kwanza barabarani." Miaka ishirini na miwili Tasalla aliishi ndani ya sifa ile. Na mimi nawaambia, kwa sababu namjua, hakuna usiku aliolala bila kulisema lile jina moyoni, kimyakimya, herufi kwa herufi, kama mtu anayepapasa kitu kizuri gizani.

"Tasalla," Malam akaita. "Mwanao anakwisha. Mbavu zake hizi hapa."

Pazia likasogea. Akatoka, amejifunika mpaka macho. Akapiga magoti mbali, karibu na ukuta.

"Siwezi," akanong'ona. "Wallahi nataka. Mdomo haufunguki."

"Jaribu."

Akavuta pumzi. Midomo ikacheza chini ya mtandio. "Z...," akasema, na ulimi ukagoma, na mazoea ya maisha yake yote yakamsukuma njia ile aliyoijua. "Wa..."

"Usiseme!" Gambo akapiga kelele.

"Naam, Mama?" ikajibu sauti uani, karibu kuliko siku zote, nyuma tu ya pazia alilotoka kulipita. Harufu ya mvua ikajaa zaure mpaka watu wakakohoa. Pazia likavimba taratibu kuelekea ndani, kama mtu anayeegemeza uso wake, na kwenye mkeka Zubairu akatoa pumzi moja ndefu, ndefu mno, na hawakumwona akiivuta nyingine.

Ladidi akapiga ukelele. Hajiya Delu akasimama. Alikuwa mwanamke mzito wa magoti, lakini alisimama kama msichana, akaenda mpaka alipopiga magoti mkwe wake, akamshika mabega.

"Haya yako nimejivunia mimi miaka yote," akasema. "Nimeivaa harusini kama dhahabu yangu. Sasa naitaka. Nipe. Watu wakicheka wanicheke mimi. Mwite mtoto, mama. Mwite!"

Tasalla akautupa mtandio. Mbele ya Malam, mbele ya Gambo, kichwa wazi, alitambaa kwenye ule mkeka akauangusha ubao kando, akaushika uso wa mwanawe kwa mikono miwili, uso ambao hakuwa ameugusa tangu amwachishe ziwa, akaona kumbe kidevuni ana kovu asilolijua, akaona kumbe nyusi zake ni za marehemu baba yake yeye Tasalla, na kinywa kikafunguka chenyewe, Zubairu, akasema, Zubairu, Zubairu wangu, na likishatoka la kwanza hayakuzuilika mengine, alimwita kwa kila siku aliyomwacha bila kumwita, alimwita aliyeanza kutembea na aliyeota meno, alimwita wa surua na wa madrasa na wa bango la kwanza, alimwita mpaka neno likawa halina maana tena, ni kilio tu chenye umbo la jina, na nyuma ya pazia kitu kilikuwa kinajibu naam, naam, naam, Mama, kwa kila Zubairu kikajaribu kutangulia, lakini hakikuwa jina lake, na kila naam ilitoka dhaifu zaidi ya iliyotangulia.

Kifua cha kijana kikanyanyuka. Akakohoa, akatema maji yenye udongo. Macho yakazunguka, yakatua.

"Nani?" akasema kwa sauti iliyokauka. "Nani ananiita?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mama yako."

Akamtazama kwa muda mrefu. "Nilisikia jina langu," akasema. "Sikuijua sauti." Tasalla akamkumbatia kwa nguvu, akalia, na Hajiya Delu akalia, na Gambo akatoka nje akagonga kichwa kwenye ukuta kwa furaha kama mwendawazimu.

Malam Tanko alifanya kazi yake mpaka alasiri. Alisoma uani, akasoma jikoni, akaandika kombe akawanywesha wote, mabaki akayanyunyiza nyuma ya jiko. Ubao, kete, dadu na kokwa alivitia kwenye gunia akavifunga kwenye baiskeli, na hakumwambia mtu anavipeleka wapi. Mlangoni akawageukia. "Lile neno lisitamkwe humu ndani tena. Mtu akija anauliza habari za fulani, mwambieni ataje jina." Harufu ya mvua ilikuwa imekwisha. Nyumba ilinuka vumbi na mafuta ya taa, na watu wakamshukuru Mungu.

Zubairu akala. Wiki ikapita, nyama ikaanza kurudi mashavuni, akarudi kazini, na fundi akamkaripia kwa kuchelewa, naye akafurahi kukaripiwa. Mchezo hakuutaja tena. Lakini aliyebadilika kweli ni Tasalla. Aliita! Alfajiri Zubairu amka, jioni Zubairu umerudi, Zubairu kanzu hii imechafuka lete nikufulie. Jirani wa ukuta wa pili alitoa ulimi nje, akasema mke wa Audi kapasua mtungi wa haya na hata vigae haviokoti. Tasalla alimsikia akacheka. Alimsifu mwanawe mbele yake. Alimtazama akila, tonge kwa tonge, kama msichana anayetazama harusi.

Siku ya nane ilikuwa Alhamisi. Hajiya Delu alikuwa ameketi kivulini anachambua kunde kwa ajili ya kesho, na Tasalla alikuwa anapakua. "Zubairu! Ladidi! Chakula!"

Wakaja wote wawili, wakachukua mabakuli yao, wakaketi kwenye mkeka wakaanza kula na kugombania pilipili. Hajiya Delu aliinua macho kuwatazama, kwa raha tu ya kuwaona, na macho yalipokuwa yanarudi kwenye kunde yakampitia Tasalla, yakasimama.

Tasalla alikuwa ameinamisha kichwa. Aliuvuta mtandio polepole mpaka ukafunika uso, akageukia ukuta, mabega yamekunjika, na mkono wake, bila yeye kuutazama, ulipakua bakuli la tatu ukalisukuma nyuma yake, kwenye mlango wa jiko, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Hajiya Delu alikijua kile alichokuwa anakiona. Alikuwa amekitazama miaka ishirini na miwili. Zubairu sasa anaitwa jina. Ladidi anaitwa jina. Na kwetu, mtoto asiyetajwa na mama yake ndiye mzaliwa wa kwanza wa nyumba.

Kunde zilimmwagika mapajani.

"Tasalla," akanong'ona. "Unamwonea haya nani?"

Tasalla hakumtaja.